Tufungeni

Kinyozi mwenyewe alikuwa na kipara. Watu walikwisha kulizoea jambo hilo, wakamwita Kipara mbele ya mkewe na mbele ya mama yake mzazi, naye akaitika bila kinyongo. Alichoshindwa kukizoea ni kufungiwa duka. Tangu ugonjwa uingie na amri itolewe, soko lilifungwa likafunguliwa, benki ikafungwa ikafunguliwa, hata baa ya jirani ikaruhusiwa kuuzia dirishani. Vinyozi waliambiwa waendelee kusubiri, kwa kuwa kazi yao ni ya kupumuliana usoni. Kipara alisubiri kwa adabu zote, hadi jioni moja, wakati wa taarifa ya habari, mkuu wa afya wa mji alipotokea kwenye televisheni kutangaza kwamba amri imeongezwa muda.

"Mtazame huyo!" Kipara akaruka kitini. "Mtazame shingo!"

"Shingo imefanya nini?" akauliza mkewe. Alikuwa fundi cherehani, na tangu ugonjwa uanze alikuwa akishona barakoa za hospitali kutwa nzima, hapo hapo sebuleni, televisheni ikiwa mgongoni mwake.

"Imechongwa! Hiyo si ya wiki iliyopita, hiyo ni ya leo asubuhi. Nani kamnyoa?"

"Labda mkewe."

"Mke gani anaweza kuchonga shingo hivyo? Huo ni mkono wa mtu wa kazi, fundi wangu. Sisi tumefungiwa, halafu wao wananyolewa majumbani kwao kwa kujificha!"

Mama yake Kipara, aliyekuwa ameegemezwa mito kwenye kochi, alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wake. Mwanawe akamwinua, akamkalisha wima, akampapasa mgongo mpaka pumzi ikarudi. Bibi huyo alikuwa na kifua kibovu tangu zamani, na daktari alisema waziwazi kwamba ugonjwa huu mpya ukiingia humo ndani hautamwacha. Basi nyumba nzima iliishi kwa kusikiliza kifua kimoja.

Siku chache baadaye Kipara alirudi na mpango. Vinyozi wa mji wangebeba viti vyao vya kazi, wavipange barabarani mbele ya ofisi ya afya, halafu wanyoane mchana kweupe, kila mtu aone. Wote wangevaa barakoa. Hakuna jiwe, hakuna matusi.

"Na mama?" mkewe akauliza.

"Mama yuko ndani. Mimi nitakuwa nje."

"Na ukirudi? Utayavua mafua ya watu hapo mlangoni pamoja na viatu?"

"Fundi wangu, barakoa yako nimeivaa miezi yote hii, na siku hiyo nitaivaa. Lakini siwezi kuendelea kukaa humu ndani nakukatia mipira ya masikioni kama... kama..."

"Kama nani?"

"Kama msaidizi wako."

"Una bahati. Msaidizi wangu anakula."

Alilisema kwa utani, lakini likamwingia Kipara mahali ambapo hakutaka liingie, kwa sababu lilikuwa kweli. Chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye cherehani sasa. Mtu aliyekuwa akifungua duka alfajiri, akisalimiwa na barabara nzima, alikuwa akiomba nauli kwa mkewe. Fundi aliona uso ulivyomshuka, akajuta, lakini hakuomba radhi. Wiki nzima waligombana hivyo, asubuhi kwa maneno na jioni kwa kununiana. Mwishowe Kipara akaja na ombi. Alitaka bango. Neno moja tu, la kusomeka kutoka mbali.

"Tufungulieni," akasema. "Basi. Wala hatuongezi la pili."

"Mimi sikubaliani na safari yako, nikushonee bango?"

"Basi nitampelekea fundi wa karibu na kituo."

"Yule anayeshona zipu za kuruka? Lete kitambaa."

Kitambaa kikawa kazi. Fundi alikata herufi kutoka kwenye vipande vya barakoa, kubwa, nyeusi, kwa hesabu ya shuka la kitanda kikubwa. Bibi akakataa katakata. Shuka kubwa, alisema, aliolewa nalo, na haliendi kukaa barabarani na wanaume wenye wembe. Akatoa la kitanda kidogo. Fundi akaona isiwe tabu, akalitandika mezani, akaanza kazi kwa mtindo wake wa siku zote wa kushona vitambaa vya sherehe: herufi chache kutoka ukingo huu, chache kutoka ukingo ule, ili kingo zote ziwe sawa, halafu mwisho ukutane katikati. Upande mmoja ukaanza T, mwingine ukaanza I ya mwisho. Alikuwa akigombana na Kipara kichwani huku mguu ukikanyaga. Alipofika katikati, pande mbili zilikuwa zimekutana, na mezani zimebaki U, L na I zisizo na pa kukaa.

Alirudi nyuma hatua moja, akasoma. TUFUNGENI.

Fundi alijua kufumua kuliko mtu yeyote mtaani. Dakika chache tu, zile herufi zingesogezwa, zikabanwa, neno likaenea. Akachukua mkasi. Halafu akalisoma tena, kwa sauti ya chini, na safari hii likamjia kwa maana ya mtu anayewaambia wenzake: jamani, tufungeni. Tufungeni kidogo tu, wote, mpaka kifua cha mama kivuke salama. Hilo ndilo alilokuwa akilisema wiki nzima bila kusikilizwa, na sasa lilikuwa limelala mezani kwa herufi kubwa. Akaweka mkasi chini. Alijiambia kwamba Kipara atalikunjua kabla ya kuondoka, atapiga kelele, watagombana mara ya mwisho, kisha yeye fundi atalifumua. Akalikunja.

"Tayari?" Kipara akachungulia mlangoni, kiti chake cha kazi kichwani.

"Tayari."

Akalipokea, akalitia kwapani, akamwambia, "Mungu akulindie mikono," akatoka. Fundi akafungua mdomo amwite. Ndani, bibi akaanza kukohoa, na fundi akaufunga mdomo akaenda kumwinua.

*

Mambo yalianza vizuri mno. Viti vilipangwa kwa mstari, vinyozi wakafungana vitambaa shingoni, mashine zinazotumia betri zikaanza kunguruma, na nywele zikaanguka kwenye lami mbele ya ofisi ya afya. Wapita njia walisimama. Wengine wakauliza kama wanaweza kuingia foleni. Ofisa wa polisi, mtu mzima aliyeonekana kutopenda ugomvi, alikuja na kipaza sauti akawaambia watawanyike taratibu, kila mtu na kiti chake, naye atajifanya hakuona.

Kipara na mwenzake mmoja, mrefu kiasi kwamba alikuwa akiitwa Ngazi, walipanda juu ya viti viwili wakakunjua bango. Walikuwa nyuma yake. Walichokiona ni mgongo wa shuka na nyuzi zilizopishana. Mbele yao watu wakasoma. Kelele zikalipuka, vigelegele na miluzi, na Kipara moyo ukamjaa.

Ofisa akasogea karibu, akasoma tena. "Hivyo ndivyo mnavyosema?"

"Ndivyo!" Kipara akajibu kutoka nyuma ya shuka.

"Una hakika? Nimewapa njia ya heshima, nanyi mnanijibu hivi?"

"Kama ilivyoandikwa!" Kipara akapaza sauti, wote wasikie. "Neno kwa neno! Wala hatupunguzi!"

"Haya," ofisa akasema kwa masikitiko, akawapa ishara vijana wake.

Waliokuwa wepesi walitimka na viti vyao. Ngazi alikamatwa akiwa amenyolewa upande mmoja, akalala kituoni hivyo hivyo, kichwa nusu shamba nusu uwanja. Yeye na wenzake walionywa wakaachiwa kesho yake. Kipara alibakizwa. Bango lilitandazwa juu ya meza ya mpelelezi, na hapo ndipo alipolisoma kwa mara ya kwanza. Alilitazama, akainama akalitazama kwa karibu, kisha akaanza kucheka peke yake, na hilo nalo likaandikwa kwamba mtuhumiwa alionyesha dharau.

*

Fundi alipeleka chakula kituoni. Langoni askari alimpima joto la paji la uso, akamnyunyizia dawa mikononi, akamwambia afunue sufuria. Alikuwa amevaa barakoa aliyoishona fundi mwenyewe. Fundi aliitambua kwa mshono.

"Onja," askari akasema.

Fundi akashusha barakoa, akaonja.

"Pandisha barakoa!"

"Sasa nitaonjaje?"

"Mama, usinifundishe kazi. Pandisha barakoa, halafu onja."

Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yake walicheka kidogo. Fundi alijikaza kisabuni, akainua ncha ya barakoa kwa kidole, akapitisha kijiko chini yake kama mtu anayeiba chakula chake mwenyewe. Askari akaridhika.

Kipara aliletwa dirishani, hajapigwa, hajanyong'onyea. Alipomwona mkewe akatabasamu mpaka machoni.

"Fundi wangu, najua unawaza nini. Usijilaumu."

"Nisijilaumu nini?" fundi akauliza.

"Shuka. Lilikuwa fupi. Mama na ubishi wake! Wewe ungefanyaje? Ulishona ulichoweza." Akapitisha vidole kwenye nondo. "Nimewaambia watu wa humu ndani, aliyelishona hakosei, kitambaa ndicho kilichokosea. Mama anakulaje?"

"Anakula."

"Usimwinue kwa kumvuta mikono. Mshike chini ya kwapa, uhesabu naye. Anapenda kuhesabiwa."

Fundi alikuwa amekuja na maneno yake yote, ameyapanga njia nzima. Upole ule ukayavuruga. Kama Kipara angemkaripia, angesema. Alirudi nyumbani na sufuria tupu, akitamani kutukanwa.

*

Dhamana ilipopatikana, Kipara alirudi nyumbani akakuta amekuwa mtu mkubwa. Neno lile lilikuwa limeenda mji mzima. Vijana walilichora kwa makaa kwenye kuta, wauza mitumba walilitamka kama salamu, na kila aliyepita mbele ya nyumba aliinua ngumi: "Tufungeni!" Kipara, kibarazani, naye akainua ngumi. Kiti cha kazi kilirudishwa na Ngazi, na Kipara akawa anakikalia kutwa, kifua mbele. Kwa miezi mingi hakuwa amesalimiwa na barabara nzima.

Wakili alikuja kumwona hapo. Alikuwa binti wa watu, mwembamba, anayetetea bure watu wa kesi za namna ile, na alizungumza haraka kama anayekimbiza basi.

"Mashtaka ni mawili, mzee wangu. La kwanza, kukusanyika kinyume cha amri ya afya. Hilo tusijidanganye, ulikusanyika. Lakini ni jepesi. La pili ni uchochezi. Hilo ni jela, na si jela ya wiki."

"Uchochezi gani? Tulikuwa tunanyoana."

"Neno. Wanasema uliwaambia polisi wakufunge, mbele ya umati, kuonyesha sheria si kitu. Na ofisa alikuuliza mara mbili, ukajibu 'kama ilivyoandikwa'. Neno hilo ndilo linalokupeleka ndani."

Mtu mmoja akapita barabarani, akainua ngumi. Kipara alianza kuinua ya kwake, akaishia njiani.

"Mwanangu," bibi akaita kutoka ndani, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, "wakikufunga wewe, mimi nani ataniinua?"

Wakili akashusha sauti. "Nani alishona bango?"

"Sijui," Kipara akasema. "Nilipewa tu na watu."

Wakili akageuza macho kwenye mlango ulio wazi. Cherehani ilikuwa pale pale, na chini yake kilima cha vipande vyeusi. "Ulipewa na watu," akarudia.

"Watu. Na wewe ukinipenda, usiulize zaidi. Watu hao wanashonea hospitali. Wakiguswa, nyumba hii haina mbele wala nyuma."

Fundi alikuwa nyuma ya mlango. Alimsindikiza wakili mpaka kwenye kona, na hapo, wamesimama mbali kama sheria ilivyotaka, ikabidi aseme kwa sauti jambo ambalo mtu husema kwa kunong'ona. Alisema yote, herufi zilizobaki, mkasi, na neno alivyolisoma. Mwenye kioski aliyekuwa karibu akaacha kupanga sabuni zake asikilize.

Wakili hakuzungumza haraka safari hii. "Mama, ukisema hivyo kizimbani unaweza kumtoa. Lakini jina lako litakuwa kwenye jalada. Wanaweza kukushtaki nawe. Hospitali inaweza kukunyang'anya kazi. Na huyo mzee wako..." Akageuka kuangalia kibaraza, ambako Kipara alikuwa anapokea salamu nyingine. "Yeye hajui kwamba uliona?"

"Hajui."

"Atajulia hapo hapo, mbele ya watu wote."

"Nimejaribu kumwambia nyumbani," fundi akasema. "Kila nikianza, ananitetea."

*

Siku ya kesi, jirani aliombwa akae dirishani kwa nje, azungumze na bibi. Mahakamani viti vilikuwa vimewekewa alama za kutenganisha watu, kwa hiyo vinyozi wengi walisimama ukutani, Ngazi akiwazidi wote kwa kichwa. Kipara aliketi kizimbani amevaa shati lake zuri. Kwa mazoea ya kazi alizitazama shingo za watu. Ya hakimu ilikuwa na nywele za miezi, kavu, za mtu mwaminifu. Ya mwendesha mashtaka ilikuwa imechongwa kwa ustadi, mstari umenyooka hadi nyuma ya sikio, na Kipara akautambua ule mkono: ulikuwa wa Ngazi. Akamtupia Ngazi jicho. Ngazi akatazama dari. Kipara alimeza alichotaka kusema, kwa kuwa mtu naye lazima ale.

Bango lilikunjuliwa. Mwendesha mashtaka alilisoma kwa sauti ya radi. Wakili akasimama akasema neno lile lina maana mbili.

"Mtu akisema 'tuombeni', Mheshimiwa, anawaambia wenzake waombe pamoja. 'Tufungeni' inaweza kuwa hivyo hivyo, yaani sote tufunge."

"Na akisema 'tusaidieni'?" mwendesha mashtaka akadakia. "Anajiambia ajisaidie?"

Watu wakacheka. Hakimu akavua miwani. "Naona leo tumerudi darasani. Wakili, una shahidi, au una sarufi tu?"

"Nina shahidi."

Kipara alipoona anayepita katikati ya viti alisimama wima. "Mheshimiwa, huyo hajui chochote! Mrudisheni nyumbani, mama yuko peke yake!"

"Kaa chini."

"Mheshimiwa, huyo ni mke wangu..."

"Ndiyo maana nakuambia kwa upole. Kaa chini."

Fundi akala kiapo. Sauti yake ilitoka ndogo chini ya barakoa, akaambiwa aongeze. Akasema bango amelishona yeye. Akaeleza alivyotoka kingo mbili, zilivyokutana, herufi zilivyobaki.

"Kwa hiyo kitambaa kilikwisha," mwendesha mashtaka akasema. "Ni bahati mbaya tu. Hizo herufi ziko wapi?"

"Nilizishonea barakoa. Lakini si bahati mbaya. Kitambaa kiliponiishia, ndiyo, hapo nilikosea. Halafu nikaona. Nilisoma, nikajua limekuwa neno jingine. Ningeweza kulifumua, nikaliacha."

Kizimbani, Kipara hakutikisika.

"Kwa nini uliliacha?"

"Kwa sababu lilisema ninavyotaka mimi. Mama mkwe wangu ana kifua. Nilitaka tufunge. Sote, na yeye pamoja. Nilikuwa nimemwambia hivyo wiki nzima."

"Kwa hiyo ulikuwa unampinga mumeo?"

"Nilimpinga, na hapa nilipo bado nampinga." Machozi yalianza kuloweka barakoa, naye hakuyafuta. "Lakini huyo hakuwaambia polisi wamfunge. Yeye alitaka kufanya kazi yake. Kama kuna wa kulaumiwa kwa hilo neno, ni mimi, na kama kuna wa kufungwa, ni mimi."

Ukutani mtu mmoja alifyatua kicheko, mwingine akafuatia. Walikuwa wameanza kuelewa: shujaa wao alipita mji mzima na shuka la mkewe linaloomba duka lifungwe. Ngazi alikuwa ameinua ngumi tangu mwanzo wa kesi. Akaishusha taratibu, akaitia mfukoni.

Hakimu akamgeukia mshtakiwa. "Umesikia. Nitakuuliza mara moja, ujibu kwa makini. Ulijua bango limeandikwa nini?"

Kipara alisimama. Kila mtu humo ndani aliona njia zilivyogawanyika mbele yake. Angesema alijua, angeenda jela akiwa mtu mkubwa, na barabara nzima ingemkumbuka. Angesema hakujua, angerudi nyumbani akiwa kichekesho cha mji. Wakili alikuwa akimkazia macho bila kupepesa. Mkewe alikuwa akitazama sakafu.

"Mimi nilitaka tufunguliwe, Mheshimiwa," Kipara akasema. "Hata leo nataka. Naomba liandikwe."

"Limeandikwa. Nimekuuliza bango."

"Sikulisoma."

"Hukulisoma? Umelibeba kwapani kutoka nyumbani mpaka ofisi ya afya, umelipandisha juu ya kiti, ofisa anakuuliza mara mbili unamwambia 'kama ilivyoandikwa', na hukulisoma?"

"Nisome nini, Mheshimiwa?" Kipara akauliza, na kweli alikuwa anauliza. "Kashona mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Fundi alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi kwa mikono miwili, na askari wa kike aliyekuwa karibu akamsogezea kiti, akasahau kabisa mambo ya kukaa mbali.

Uchochezi ulitupwa. Kwa kukusanyika, Kipara alipewa kifungo cha nje cha miezi sita: atakwenda kuripoti kila wiki, na akionekana amenyoa mtu yeyote kabla amri haijaondolewa, anaingia ndani. Fundi alionywa kwa maneno makali, na hakimu akafunga jalada.

*

Walirudi kwa miguu. Kipara alitangulia, mkewe nyuma. Habari ilikuwa imefika mtaani kabla yao. "Tufungeni!" mtu akaita kutoka kwenye kibanda, lakini sasa ilikuwa na kicheko ndani yake, na hakuna aliyeinua ngumi. Kipara aliitikia kwa mkono, kama alivyozoea kuitikia jina la Kipara. Nyumbani alinawa mpaka kwenye viwiko, akabadili shati, akaingia kwa mama yake. Fundi alimsikia akihesabu, moja, mbili, tatu, na bibi akihesabu naye, kisha kochi likalia.

Siku mbili Kipara alikuwa akizungumza na mkewe mambo ya maji na mkaa tu. Siku ya tatu alivuta kiti chake, akaketi upande wa pili wa meza ya cherehani, akachukua mkasi, akaanza kukata mipira ya masikioni. Hospitali ilikuwa haijamwachisha fundi kazi; ilikuwa imeongeza idadi, maana wagonjwa walizidi. Mwisho fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Nitukane basi, yaishe."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukaniambia 'tayari'."

"Nikakuambia tayari."

Kipara aliupima mpira kwa kidole, akaukata. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi ile, jambo lililomuudhi. "Ungeniambia, fundi wangu."

"Nilikuambia wiki nzima! Hukusikia hata neno moja. Na lile moja ulilolibeba lilikuponza kwa sababu hukulisoma."

Ndani, bibi alikohoa mara moja, wote wakainua vichwa wakasikiliza. Hakukohoa tena. Walishusha pumzi kwa pamoja, na walipogundua kwamba wameshusha pamoja, wakaona haya kidogo.

"Mimi bado naona walituonea," Kipara akasema.

"Waliwaonea. Na mimi bado naona ungebaki ndani."

"Basi sawa."

"Basi sawa."

Kesho yake ilikuwa siku ya kuripoti. Fundi alimalizia barakoa aliyokuwa nayo, akakata uzi kwa meno, akamnyooshea. Kipara aliipokea, lakini hakuivaa. Aliigeuza nje, akaigeuza ndani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaupitia mshono wote kwa kucha, kutoka sikio hadi sikio, taratibu, uso umemkauka kama hakimu.

"Unatafuta nini?" fundi akauliza.

"Siku hizi nasoma kwanza," Kipara akasema.

Fundi alimtazama asijue kama amepigwa au amesamehewa. Halafu akaona pembe ya mdomo wa mumewe ikitetemeka. Kicheko kikamtoka, kikamshinda nguvu, akajifunika uso kwa vipande vyeusi akawa analia humo humo ndani ya kicheko. Kipara akavaa barakoa yake, akaiweka sawa puani, na alipotoka aliuacha mlango wazi ili mama yake apate hewa.